Pamba ya Krismasi

Duka moja hapa mjini, barabara ya Mukendo, limesimamisha mti wa plastiki wenye pamba kwenye matawi. Nimeisogelea nikanusa. Haina harufu. Ile yetu ilikuwa na harufu ya vumbi na mafuta ya mbegu.

Mwaka mmoja nikiwa mtoto, kijiji chetu cha Ujamaa kilikuwa kimeshavuna, kikang'oa miti ya pamba na kuichoma yote ili wadudu wafe. Bwana shamba alisema ukibaki hata mmoja, mwenye shamba atafungwa. Sasa Krismasi ikafika, naingia kanisani na bibi, nauona mti karibu na altare umejaa pamba. Bibi akaniachia mkono, akakinga kanga, akaanza kuchuma.

"Bibi, acha! Hiyo ni theluji," katekista alinong'ona.

"Theluji ndiyo nini?"

Katekista aliutazama mti, akanitazama mimi. "Ni kitu cha baridi. Kinaangukaga Ulaya."

"Bwana shamba akiikuta hapa, padri atafungwa."

Akaendelea kuchuma. Wengine walicheka, mama mmoja akaja kumsaidia. Mimi sikujua nicheke au nichume.

"Mama, unatafuta nini?" muuza duka ananiuliza.

Nashtuka. Kiganja changu kimejaa pamba.