Menizye wa Kalemie na Mrukaji wa Kwenye Kalenda

Kitendawili! Semeni "tega", hata kama mnasoma peke yenu. Nina shamba jeupe. Wanaume wanalikanyaga asubuhi nzima, lakini hakuna anayelima. Wanalitupia majani, lakini hayaoti. Na mavuno yake hayatoki ardhini, yanashuka kutoka hewani. Ni nini?

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Msinipe Kabalo, vumbi la treni yake nimelichoka. Nipeni Kalemie, maana jibu linakaa hapa hapa, chini ya mabati ya karakana moja iliyo nyuma ya soko.

Saa kumi na mbili asubuhi. Jua linatoka ziwani, bado jekundu. Papa Basile Kaombo amepiga magoti na kupuliza moto chini ya pipa. Kutoka kwenye pipa linatoka bomba la bati, refu kama mamba, linalotoa mvuke kila penye tundu. Ndani ya bomba mnapikwa mbao.

Ndiyo, mbao. Anazipika.

"Maharagi unapika, muhogo unapika, na mbao pia unapika," anasema bila kugeuka. "Ikiwa mbichi inakuwa na kichwa kigumu kama mutoto wa mwisho. Ikiiva, inakusikiliza."

Anachomoa mbao kwa matambara mawili, anaikimbiza mpaka kwenye kalibu, anaikunja polepole na kuibana kwa kabari. Ikipoa, itakuwa mguu wa kiti cha kubembea. Mama wengi wa Kalemie wamenyonyesha juu ya viti vyake. Malipo yanakuja kwa namna yake: leo kapu la ndakala, dagaa wa ziwa letu, kesho unga. Noti za siku hizi hazitaki. "Zinabadili sura kabla sijazoea ile ya kwanza," anasema.

Wakati wa authenticité, serikali ilipokataza majina ya Kizungu, jina lake la ubatizo lililala. Siku hizi limeamka tena, na mtaa mzima unamwita Papa Basile, au Papa Menizye tu, yaani seremala. Wazee wenzake wana jina la tatu: Mjerumani.

Hapa ndipo tunapofika kwenye shamba letu jeupe.

Basile alizaliwa Moba, kando ya ziwa, katika familia ya wavuvi. Akiwa kijana alifundishwa kazi ya mbao na Frère Korbinian, mtawa Mjerumani aliyejenga viti vya kanisa. Mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na nane, Frère alimtuma kwao, kijiji kidogo cha milima ya Bavaria, akajifunze zaidi katika karakana ya ndugu zake. Kazi ya karakana ile ilikuwa kutengeneza skii, yaani zile mbao ndefu ambazo Wazungu wanavaa miguuni ili kuteleza juu ya theluji. Pua ya skii lazima ikunjwe kwa mvuke. Ndiyo asili ya bomba lile la bati.

Wateja wanaokuja kuchukua kiti lazima wamuulize habari za theluji. Wengine walishaisikia mara kumi.

"Inafanana na nini, Papa?"

"Unga wa muhogo. Lakini baridi. Na haina mwisho."

"Inaliwa?"

"Nilijaribu. Inakimbia mdomoni."

Juu ya kijiji kile kulikuwa na kilima cha kurukia. Ujerumani mchezo huu unapendwa sana. Mwisho wa mwaka watu wanajaa Oberstdorf, halafu sikukuu ya Mwaka Mpya wanajaa Garmisch, kisha wanavuka mpaka kwenda Austria kumalizia vilima viwili vilivyobaki. Kijana anapanda ngazi mpaka juu, anavaa skii, anateleza kwa kasi ya kutisha, na njia inapokatika anajirusha hewani. Anaelea kifua mbele, mikono imetulia. Anayetua mbali na kwa uzuri ndiye mshindi.

Pale njia inapokatika, Wajerumani wanapaita meza. Basile naye anasema meza. Neno hilo limempa taabu miaka mingi, hasa mbele ya Maliki, muuza mbao ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka ng'ambo ya ziwa, na ambaye kutaniana na Basile ni chakula chake cha kila siku.

"Wanaruka toka juu ya meza!" Maliki anawaambia wateja. "Sasa chakula wanakula juu ya nini, watu wale? Ao njo sababu Frère alikimbilia kwetu?"

"Wewe uza mbao zako," Basile anamjibu. "Tena leo umeniletea yenye fundo."

"Fundo ni ya bure, ndugu yangu. Sikuhesabia."

Basile hakuwahi kuruka. Kazi yake ilikuwa pale chini, kwenye mteremko wa kutulia. Wanaume wa kijiji walisimama mstari mmoja, skii zimelala upande, wakashuka hatua kwa hatua wakikanyaga theluji mpaka ikaze. Halafu walitupa vitawi vya misonobari juu yake, kwa sababu mrukaji akiona weupe mtupu hajui ardhi iko wapi. Haya, shamba lenu ndilo hilo, na mavuno yanayoshuka kutoka hewani mmeyaona.

Baadaye walimwamini wakamsimamisha pembeni ya mteremko pamoja na wazee, kila mmoja penye alama yake. Mrukaji akitua, yule ambaye miguu imegusa mbele yake anainua mkono. Hivyo ndivyo walivyopima: kwa macho ya watu.

"Walisema mweusi haoni vizuri kwenye nyeupe," anacheka. "Kumbe mie nimezoea kuangalia ndakala ndani ya maji. Mguu wa muntu utanipita?"

Huko alipata rafiki, Alois, mtoto wa mwenye karakana. Mke wa Alois alipojifungua, Alois alimwomba Basile awe baba wa ubatizo. Mtoto akaitwa Toni. Basile alimbeba mpaka kanisani ndani ya koti lake, theluji ikianguka, na mtoto akamkojolea kabla padri hajamwagia maji.

"Alinibatiza yeye kwanza," anasema, na anageukia kabari zake, kwa sababu habari ya Toni ndiyo inayomsumbua.

Mwaka jana, mwanzoni, mtawa mmoja alimletea kifurushi kutoka Ujerumani. Njiani kilikuwa kimefunguka, na kama kulikuwa na barua, ilibaki huko. Ndani mlikuwa na kalenda tu, ya chama cha michezo cha kile kijiji. Basile alifunua mwezi wa kwanza: kanisa. Mwezi wa pili: mrukaji hewani, na chini yake jina la Toni, na jina la baba yake.

Furaha yake ilidumu muda wa kuvaa miwani.

Nani asiyejua skii angeona kitu? Lakini Basile aliona. Wakati wake, mrukaji hewani aliweka skii zake pamoja, zimelala kama watoto wawili kwenye mkeka mmoja. Zikiachana, ni upepo umezishika, na kijana anaanguka. Aliwahi kumwona mmoja: skii zilifunguka, akabingirika mpaka chini, wakamwondoa kwa kitanda cha kuvuta, mfupa wa paja umevunjika. Na katika picha hii skii za Toni zilikuwa zimeachana kabisa, mikia pamoja, pua mbali mbali, kama mdomo wa kuku anayepiga kelele.

"Amekwisha," Basile alimwambia mke wake, Mama Pélagie.

Maliki aliitwa aangalie. Aliigeuza picha kichwa chini, akairudisha.

"Lakini Basile, nani anaweka muntu wa kuanguka kwenye kalenda?"

Basile alinyoosha kidole ukutani. Hapo ilining'inia kalenda ya parokia, na juu yake sura ya askofu mstaafu, marehemu wa mwaka uliotangulia, na maneno ya kumwombea.

Maliki alikaa chini. "Innalillahi," akasema.

Basi Kalemie ikafanya matanga ya kijana wa Kijerumani. Misa ilisomwa kwa ajili ya Toni mwana wa Alois. Mama za kwaya, ambao hawakuwahi kuona hata kipande cha barafu isipokuwa kile cha kuhifadhi samaki, walimlilia kijana aliyekufa ndani ya unga wa baridi. Basile alinyoa kichwa. Mama Pélagie alisonga bukari ya watu wa mtaa mzima, na Maliki alileta sukari, akaketi mkekani mpaka jioni.

"Nililia kabisa," Maliki anakiri. "Lakini nilimwambia: siku tukisikia huyu mutoto anaishi, sukari yangu utairudisha. Yote. Na ile niliyokunywa mimi pia."

Mambo yangeishia hapo, kama si Mama Pélagie. Yeye anauza vitumbua na hajawahi kupanda hata kilima cha posta ya zamani bila kulalamika. Siku moja, akifuta vumbi, alisimama mbele ya mwezi wa pili.

"Papa Basile," akamwita. "Hapa mutoto iko juu."

"Najua iko juu."

"Nasema iko juu. Chini hatukumwona. Sasa tulimulilia nani?"

Tangu siku hiyo Papa Basile hana amani. Alimwandikia Alois mara mbili. Posta ya siku hizi inapokea timbre, yaani stempu, halafu inalala usingizi. Alimwomba padri aulize kwa foni ya misheni, ile redio ya kuongelea, na padri akamweleza kwa upole kwamba foni inafika Kigoma, haifiki Bavaria.

"Kama alikufa, nimemulilia, sawa," anasema, akipapasa mbao iliyopoa. "Kama anaishi, nimefanyia misa ya wafu mutoto niliyebeba kwenye koti. Nitamwangalia Alois na uso gani? Nataka tu kujua: alianguka ao hakuanguka?"

Mpango wake ameshaupanga. Akisikia anaishi, atamkunjia kiti cha kubembea cha mvule, kidogo, cha watoto, na kukisafirisha kwa njia yoyote. "Atakuwa na watoto sasa, ao atawapata. Huko wana viti, ndiyo. Lakini havikupikwa na baba wa ubatizo wa baba yao." Akisikia vingine, mvule ile ile itakuwa msalaba, nao utasimama karibu na kaburi la Frère Korbinian, ambaye anapumzika hapa Kalemie.

Na leo, wasomaji wangu, si siku ya kawaida. Wiki iliyopita foni ya misheni ilisema: binti wa dada yake Frère anakuja kuona kaburi la mjomba wake. Ni muuguzi, anaitwa Elisabeth, na amefanya kazi Kigoma. Kwao ni kijiji kile kile. Boti yake inafika leo.

Kwa hiyo mbao inapikwa mapema leo, ili moto uzimwe mapema. Saa nne Basile ananawa, anavaa shati la Pasaka, anakunja kalenda ndani ya gazeti. Mama Pélagie anafunga kitenge kipya. Maliki anafunga duka lake, jambo ambalo hata siku ya Idi hulifanya kwa shida.

"Weye unaenda kufanya nini?" Mama Pélagie anamuuliza.

"Sukari yangu, shemeji. Inasafiri na boti ile."

Bandarini kuna makelele: magunia ya chumvi, sabuni, mabaiskeli, mbuzi mmoja anayekataa kushuka. Kati ya watu anatokea msichana mwenye kofia ya majani na uso ulioiva kwa jua. Basile anamtambua kabla hajatajwa. Ana pua ya Frère.

"Karibu, mutoto wetu," anasema, na anashika mkono wake kwa mikono miwili.

"Asante, Papa Basile. Mjomba aliandika sana juu yako." Kiswahili chake ni cha Kigoma, kimenyooka.

Sasa aulize basi! Lakini Papa Basile anauliza habari za ng'ombe. Anauliza kama karakana bado ina lile dirisha la kijani. Anauliza goti la Alois, na kama mtambo wa maji umetengenezwa, na kama mkate bado ni mweusi vile. Elisabeth anajibu yote: goti bovu, dirisha limekuwa jeupe, mkate ule ule. Maliki anasimama kwa mguu mmoja, anabadili, anasimama kwa mwingine.

Mama Pélagie anampiga mume wake kiwiko ubavuni, na si kwa siri.

Basile anafungua gazeti. Anafunua mwezi wa pili. Anaweka kidole juu ya mrukaji.

"Huyu," anasema. "Skii zake zimefunguka. Niambie ukweli, mutoto wangu, mie ni muntu mzima. Toni alianguka?"

Elisabeth anaitazama picha. Anamtazama Basile, shati la Pasaka, mama aliyefumba macho, na muuza mbao aliyevua kofia yake na kuiweka kifuani.

"Alizifungua makusudi, Papa," anasema. "Siku hizi ndivyo wanavyoruka wote, hewa inawabeba mbali zaidi. Toni aliruka hivyo na akashinda. Mwezi uliopita, asubuhi niliyoondoka kijijini, alikuwa juu ya paa la kanisa, anapanga vigae na kupiga mluzi, na mke wake yuko chini anamkaripia ashuke ale, chai inapoa."