Rula yangu na chumvi ya Samuye

Wenzangu wa darasa la biashara, leo nimekimbiwa na wateja kwa sababu ya uaminifu.

Msicheke kwanza.

Mnajua nataka kufungua duka langu tukimaliza masomo. Basi asubuhi nikapeleka chumvi gulioni Samuye, nijaribu. Nikajaza kopo, nikapitisha rula juu, iliyozidi ikarudi guniani, chumvi ikakaa sawasawa. Kipimo halali, kama tulivyofundishwa.

Watu wakaitazama ile rula, wakaenda kwa jirani yangu, Mama Kabula.

Kopo lake ni dogo kuliko langu, na kitako kimebonyea kwa ndani. Lakini analijaza mpaka chumvi inafanya kichuguu, halafu anatia kiganja kimoja cha nyongeza.

Na bei yetu ni ileile!

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwita bibi mmoja aliyetoka kununua kwake.

“Shikamoo, bibi. Hebu tupime.”

“Marahaba. Haya.”

Tukamimina chumvi yake yote katika kopo langu, pamoja na nyongeza. Haikufika hata ukingoni.

Nikasimama kifua mbele, nikingoja aende kugombana na Mama Kabula.

Bibi akarudisha chumvi yake kwenye kitambaa, taratibu.

“Najua, mjukuu wangu. Lakini yule ananiongezea. Wewe unanikata mbele ya macho yangu.”

Nimerudi na gunia karibu zima.

Nyinyi mngemjibu nini? Andikeni hapa chini, penseli nimeifunga kwenye ubao huu wa matangazo. Na rula hiyo inayoning'inia kando yake, anayeitaka aichukue.