Kumtafuta Mama Pacha Mtandaoni

Dada wa mapokezi katika hospitali moja kule Maplewood, Minnesota, aliniuliza jina la mgonjwa, nikamwambia Mama Pacha. Akaniuliza tena, taratibu, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Miaka saba nimefua mashuka na Mama Pacha katika hoteli moja Bloomington. Nilipojifungua kitinda mimba wangu, ndiye aliyenikanda. Alipofiwa na mumewe, nililala kwake wiki nzima. Lakini jina lake? Kwetu pwani mwanamke akishazaa, jina lake huwekwa kabatini. Yeye naye huniita kwa jina la binti yangu mkubwa, basi tukawa sawa.

Asubuhi ile alikuwa apasuliwe tumbo. Pacha wenyewe wako chuoni, jimbo jingine, naye aliniomba jambo moja tu: aone uso anaoujua kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Simu yangu ilikuwa imetumbukia kwenye beseni la vyombo jana yake, na namba zote zikafa nayo.

Nikampokonya simu binti yangu aliyenisindikiza. Nikaandika Mama Pacha, nikaletewa vigari vya kusukumia watoto. Nikaongeza Maplewood na upasuaji, akaja daktari wa meno anayetabasamu. Nikasema wacha nieleze mambo yalivyo: mwanamke wa Malindi anayepika mkate wa sinia kuwashinda wote Minnesota. Nikapewa mapishi, tena yana unga wa ngano badala ya mchele. Nilikuwa nimeanza kuwaandikia wenye mapishi yao kuwa huo ni uongo mtupu, binti yangu akaichukua simu yake.

“Mom, focus,” akasema. “Anakungoja.”

Nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mara akatokea muuguzi akiita jina langu la kwenye pasipoti, lote, ambalo sijasikia mtu akiliita tangu uwanja wa ndege.

Kumbe huko juu Mama Pacha naye alikuwa ameulizwa jina la mgeni anayemtarajia, asilijue. Nilipofika kitandani kwake nikamuuliza amelipataje.

“Nimekutafuta mtandaoni, shoga yangu. Nikaandika tui la kopo, maji matupu, Bloomington. Ukatokea wa kwanza.”

Ni kweli niliwahi kuwalalamikia mtandaoni wauza tui la kopo, na jina langu kamili chini, wajue hawachezei mtoto. Tukacheka mpaka akashika tumbo lake na kunisihi ninyamaze.

Walipokuja kumchukua niliinama nikamuuliza jina lake. Akanitajia yote matatu: lake, la baba na la babu. Milango ikafungwa. Nikakaa pale nje nikimwombea kwa majina yote matatu, moja baada ya jingine, maana najua Mungu anamfahamu Mama Pacha, lakini siku ile sikutaka kubahatisha.