Pamba ya Saa Nane Usiku

Nusura nifukuzwe kazi ya mizani kwenye ghala la pamba hapa Nkoma, na aliyeniponza namsema wazi: katibu wa ushirika wetu. Ndiye aliyepiga windows upya kwenye kompyuta ya risiti. Ilipomuuliza yuko wapi duniani, akachagua mji wa Brazil, ulio nyuma yetu kwa saa sita, ili saa zisomeke kama tunavyozitaja wenyewe, saa mbili asubuhi iandikwe mbili. Akajiona fundi. Kumbe kwa kompyuta, hiyo mbili ni saa nane usiku, na ndivyo risiti zangu zilivyotoka.

Mwenyekiti akanisimamisha mbele ya wakulima.

"Bhabha, saa nane usiku unampimia nani pamba? Fisi?"

Watu wakacheka. Katibu alikuwa palepale, anajikuna kidevu.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini jua nalijua. Nikasema, "Mwenyekiti, sasa hivi ni saa nne asubuhi. Ngoja nipime gunia moja, katibu atoe risiti." Ikatoka imeandikwa saa kumi alfajiri. Nikaiinua juu wote waione.

"Basi kama mimi ni mwizi wa usiku, na nyie ni wezi wa alfajiri, na mwenyekiti ndiye mkubwa wenu!"

Hakuna aliyeniomba radhi mpaka leo. Mizani bado ninayo. Mtu akija kupiga windows namsimamia nyuma ya kiti, na habanduki hapo mpaka nione amechagua Nairobi, maana saa yao ndiyo yetu.