Mwenyewe Hajulikani

Siku yangu ya kwanza kazini, Msajili wa makumbusho alinikabidhi kalamu ya nibu, kichupa cha wino mweusi na rundo la vigae vya vyungu vilivyovunjika, akaniambia niandike namba ndogo kama punje za mchele. Kila kitu kinachoingia makumbusho hupewa namba. Namba huandikwa juu ya kitu chenyewe, upande usioonekana, kisha hupakwa vanishi isifutike. Namba hiyohiyo huandikwa kwenye daftari la mapokezi, pamoja na mambo matatu: ni kitu gani, kilipatikana wapi, na mwenyewe ni nani. Nilikuwa kijana wa Pangani mwenye mwandiko mzuri, na siku ile nilijiona nimeula.

Baada ya miaka miwili ya vigae pale Dar es Salaam nilihamishiwa Bagamoyo, chini ya Mhifadhi, bwana mmoja wa bara, msomi, mkali wa saa na wa utaratibu. Ninyi vijana mnadhani makumbusho hupata hazina kwa wataalamu kuchimba na brashi zao. Wakati wetu, nyingi zilitoka kwa mkulima na jembe lake, kwenye kisima, msingi wa nyumba au shimo la taka. Habari ilimfikia balozi wa nyumba kumi, balozi alituletea sisi, nasi tulikimbia ili tusitanguliwe na wachuuzi wa vitu vya kale. Mhifadhi hakujua kusema na wazee wa pwani. Aliingia uani mwa watu na futi yake ya kupimia, akaanza kupima. Kuamkia, kuuliza hali na kueleza ilikuwa kazi yangu, na ndiyo sababu alinipenda.

Mwaka ambao kila kaya iliamriwa kuchimba choo, tuliitwa Mbegani. Mkwe wa Bi Mwanahawa alikuwa amefika kiunoni shimoni sururu yake ilipogonga mtungi. Bi Mwanahawa, kikongwe wa ukoo wa mabaharia, tulimkuta amekaa kwenye mkeka kando ya shimo. Mtungi alikuwa ameufunika kwa kanga yake na hakutaka mtu auguse.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Pangani, bibi."

"Basi nitasema nawe. Huyu bwana wako hata hodi hakupiga." Akaweka mkono juu ya kanga. "Huu kaufukia bibi yangu, siku mizinga ya Mdachi ilipopiga mji. Alikimbia. Aliporudi nyumba imeungua na alama imepotea, akatafuta mpaka kufa. Mna mafurungu manne ya fedha, moja lilikatika likafungwa waya wa shaba. Mna na kikuku cha mtoto. Fungueni, mtaona."

Mafurungu ni bangili nzito za miguuni. Katika nyumba yao, bibi harusi alitolewa nje siku ya saba akiwa ameyavaa.

"Mama yangu alitoka miguu mitupu," akasema, "na mimi nikatoka miguu mitupu. Mjukuu wangu Zuhura anaolewa mfungo mosi, Ramadhani ikiisha. Mungu kayarudisha kwa wakati wake."

Utaratibu wetu ulikataza kufungua mtungi mahali ulipopatikana. Nilimweleza bibi hivyo, akakubali tuuchukue, tukaufungulia ofisini, juu ya gazeti. Ndani mlikuwa na mafurungu manne, moja limezungushiwa waya wa shaba, na kikuku chembamba cha mtoto. Nilifurahi. Nilijua tumemaliza kazi na kilichobaki ni kumrudishia mwenyewe mali yake.

Mhifadhi aliligeuza lile la waya mara kadhaa. Sheria kama tulivyofundishwa ilikuwa nyepesi. Kitu cha kale kilichofukiwa, ambacho mwenyewe hajulikani, ni cha serikali, mwenyewe akijulikana hurudishiwa.

"Maneno ya kikongwe si ushahidi," akasema.

"Lakini mzee, ameutaja hata waya."

"Wakubwa wanakuja kufungua chumba chetu cha maonyesho. Unataka nikawaonyeshe vigae? Wewe kijana mwerevu. Andika: mwenyewe hajulikani."

Nikaandika. Hakunitisha, wala hakutaja kunifukuza. Aliniita mwerevu, basi, ikanitosha.

Kulikuwa na hati moja iliyobaki. Mwenye kiwanja alitakiwa kutia saini kwamba hana dai lolote juu ya kitu kilichopatikana kwake. Niliipeleka Mbegani peke yangu. Bi Mwanahawa alisoma msahafu na aliandika barua kwa herufi za Kiarabu, lakini hizi za kizungu hakuzijua.

"Nisomee, mwanangu."

Nikaishika hati mbele ya uso wangu, nikasoma: "Vitu hivi vimepokewa kama amana, vitahifadhiwa mpaka mwenyewe atakapovihitaji."

Hapakuwa na neno hata moja la namna hiyo katika karatasi ile. Na mimi ni mtoto wa pwani, nimelelewa chuo cha Kurani, najua amana ni nini. Ningesoma yaliyoandikwa asingetia saini, na ningerudi kwa Mhifadhi mikono mitupu. Akaandika jina lake na la babake, kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu sana, akanishukuru.

Siku za mwisho za Ramadhani alikuja ofisini kwa miguu, amefunga, na kitambaa kipya cha kuyafungia mafurungu. Nikamwambia kwamba Mhifadhi amesafiri. Alikuwa chumba cha pili, anakunywa chai. Bi Mwanahawa alipokuja tena nilishindwa kumtazama.

"Bibi, hati inasema huna dai."

"Si wewe uliyenisomea?"

"Ni mimi, bibi."

Akakikunja kile kitambaa, akasema, "Haya, mwanangu," akaenda zake. Zuhura aliolewa. Mwaliko niliupata, sikwenda.

Nilipanda cheo, nikarudishwa Dar es Salaam, mwisho nikawa Msajili mwenyewe. Ufunguo wa kabati la madaftari yote, hata ya Bagamoyo, ulikuwa mfukoni mwangu na kalamu mkononi, miaka na miaka, na ukurasa ule sikuusahihisha. Kila nilipoufikia niliupita upesi. Niliogopa kuulizwa nani aliuandika. Nilipostaafu, ndipo nikapata ushujaa wa kuandika barua. Nilijibiwa kwa adabu kwamba kumbukumbu haziwezi kubadilishwa, kwa kuwa ipo hati yenye saini.

Basi mwaka jana nikaenda Mbegani. Zuhura, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, nilimkuta barazani akichambua mchele. Nilipojitaja akacheka, akaniletea kiti na kahawa.

"Kumbe ndiye wewe! Bibi alikutaja mpaka anakufa. Wajomba zangu walitaka kukusomea halbadiri, wamwombe Mungu akulipe. Bibi akakataa katakata. Alisema, mwacheni kijana wa watu, ni mwema yule, macho yake tu mabovu, hati aliisoma vibaya."

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nikaweka kikombe chini.

"Zuhura," nikamwambia, "macho yangu yalikuwa mazima."