Siku Simiyu Alipoongea Kwenye Spika ya Mzee

Jamani, hii aibu nimeificha vya kutosha, na sasa mchumba wangu Nekesa ameanza kuwahadithia watu huku akiongeza chumvi, kwa hivyo afadhali muisikie kutoka kwangu mimi niliyekaa kwenye kile kiti.

Naitwa Wafula. Ukisikia jina hilo unadhani nimezaliwa na Kibukusu mdomoni, lakini mimi ni mtoto wa Satellite, hapa Nairobi, nimelelewa kwa Kiswahili cha ploti, na tukienda ushago, kijijini kwetu, huwa nacheka tu wengine wakicheka. Sasa siku moja babake Nekesa (fundi wa makochi pale Kangemi, mtu wa sauti nzito) akachukua simu ya binti yake akanisalimia kwa Kibukusu, "Mulembe!" Nikajibu, "Mulembe, baba," akafurahi sana, akaniuliza, "Kumbe lugha unajua?" Nami badala ya kusema ukweli nikasema, "Kabisa, baba."

Kabisa! Nekesa akashika kichwa. Akanieleza kwamba dada yake mkubwa aliolewa na mtu asiyejua lugha, na mzee ameapa kwamba hataki mkwe mwingine wa namna hiyo. Na Jumapili naitwa kwa chakula cha mchana. Mimi huyu msichana nampenda, nawaambia wazi, na wiki hiyo usingizi ulipaa.

Nikakimbilia kwa binamu yangu Simiyu, aliyekulia Bungoma na sasa anauza vitu vya simu pale Luthuli, katikati ya jiji. (Ni duka hilohilo ambapo mimi na Nekesa tulimnunulia mzee kaspika kadogo ka Krismasi, tukakajaribu na simu yangu. Kumbukeni hako kaspika.) Mpango wa Simiyu ulikuwa nimpigie kabla sijabisha hodi, niache simu wazi mfukoni, yeye asikilize kutoka dukani na aninong'onezee majibu sikioni. Shida ni kwamba mimi ni mtu wa waya, earphone zangu za waya nimekaa nazo miaka, zikijifunga mafundo nazifungua kwa meno, na simu yangu mpya haina hata tundu la kuzichomeka.

"Waya ya nini na unaenda kudanganya mzee wa watu?" Simiyu akaniuliza. "Chukua hizi za bluetooth. Weka moja tu, na uvae marvin juu."

Basi nikavaa marvin, kofia ya sufu, Kangemi, jua la utosi.

Mwanzo mambo yalikuwa matamu. Mzee anauliza, Simiyu ananong'ona, mimi narudia kama kasuku, na mzee anamtazama Nekesa huku akitabasamu. Mara moja tu mteja alimuuliza Simiyu kuhusu chaja, na nusura nimwambie mkwe wangu kwamba ni orijino.

Kuku na ugali vikaletwa, na mzee akanionyesha kofia kwa kidole, maanake tunaomba. Nikajifanya najikuna, nikachomoa kile kidude, nikakitumbukiza kwenye kiboksi chake mfukoni, kikajizima. Nikajipongeza moyoni mpaka amina. Kumbe simu bado iko wazi, na mzee ananyoosha mkono kabatini.

"Wacha tusikie habari ya saa saba," akasema, akawasha kaspika.

Kaspika kakalia tii, kakatafuta simu kanayoijua, kakaipata mfukoni mwangu.

"Wafula! Oya, mbona kumenyamaza?" Ni Simiyu, nyumba nzima. "Mwambie asante sana, orio muno, halafu ukohoe kidogo kama mtu mzima. Na usikule sana, wataona umekujia kuku!"

Nikaingiza mkono mfukoni nikabonyeza kila kitu. Sauti ikapanda.

"Ama huyo mzee mkali amekushtukia?"

Mzee akakaweka kaspika katikati ya meza, kando ya ugali, akainama, akamjibu mwenyewe kwa Kibukusu. Halafu Simiyu akamsalimia kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kwake, wakaulizana koo zao, wakacheka, wakaongea weee, na mimi nimekaa na marvin mkononi, jasho linanitiririka, mgeni kwenye uchumba wangu mwenyewe.

Walipoagana, mzee akanigeukia. "Tumesema nini?"

"Sijui, baba. Sijui hata kidogo."

Hakucheka. "Niko na wajukuu wawili, wanajua lugha ya baba yao tu," akasema kwa Kiswahili. "Nikiwapigia, mama yao ndiye ananiambia wamesema nini. Sasa na wewe umeniletea mtu wa katikati."

Hapo ndipo nilipoumia kweli. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, lakini kwa hayo sikuwa nimejiandaa.

"Nisamehe, baba," nikamwambia. "Niliogopa utaninyima Nekesa. Lakini ukinifundisha, nitakuja."

Akanitazama mpaka mchuzi ukaanza kuganda. "Jumapili," akasema. "Ukitoka kanisani. Na simu uache kwa mama jikoni."

Basi huwa naenda kila Jumapili. Zile za bluetooth nilimrudishia Simiyu, nikachukua kawaya kafupi ka kuunganishia earphone zangu za zamani na simu, kwa sababu waya angalau unajua umeishia wapi, na sauti ya mtu mwingine sitaificha kichwani mwangu tena. Kibukusu changu bado kinachechemea, mama Nekesa huenda kucheka jikoni nisimwone. Lakini Jumapili iliyopita mzee alianza kisa kirefu cha ng'ombe aliyebebwa kwa bodaboda, na nikacheka palepale pa kucheka, kabla hata ya Nekesa.

Mzee akakatiza kisa. Akainuka, akaja nilipokaa, akanishika masikio yote mawili, akachungulia la kushoto, akachungulia la kulia.

"Mama Nekesa, kuja uone!" akaita. "Hakuna mtu humu. Ni yeye mwenyewe!"