Mikono ya Mpiga Kengele

Mjomba wangu, kaka yake mama, alianza kupiga kengele ya kanisa akiwa bado anapanda kigoda ili aifikie kamba. Waumini walipohamia jengo jipya waliondoka na mabenchi na kinanda, wakamwacha yeye na kengele. Kanisa likawa ghala la unga. Akaigonga malori yalipofika. Ghala likafungwa, ikaja sinema, kitambaa cheupe kikatundikwa pale palipokuwa na madhabahu; akaigonga kuwaita watu waingie. Kisha wakaja mabondia. Wenye jengo wanabadilika, yeye yupo tu katika kachumba chake chini ya mnara, kama msumari uliosahaulika ukutani.

Sasa jengo limekodiwa na mama mmoja anayeshonesha sare za shule. Tunamwita Bosi, na mama yangu ni mmoja wa mafundi wake. Boriti za mnara zimeliwa na mchwa, kwa hiyo kengele lazima ishuke. Mjomba aliomba aishushe mwenyewe, itundikwe barazani, awe anawaita mafundi kazini.

"Ikifika chini nzima, utabaki nayo na chumba chako," Bosi alimwambia. "Ikivunjika, mzee wangu, sitakudanganya. Chumba nitawekea vitambaa."

Asubuhi ya kazi, majora ya kitambaa cha buluu yalikuwa yameshapangwa nje ya mlango wake. Mjomba alipita katikati yake kwa ubavu.

Mpiga kengele huvuta, na kengele ikilia tu huachia kamba ipite viganjani, la sivyo itamchuna ngozi. Mikono ya mjomba imezoea hivyo mpaka basi. Hata kwetu, sufuria ikianguka jikoni, kikombe kinamtoka. Mama humwambia, "Kaka, umenimalizia vikombe kuliko hawa watoto."

Waashi wawili walipanda juu, wakaufunga ulimi wa kengele kwa gunia. Kamba ilipitishwa kwenye kapi kadhaa, uzito ukapungua, mtu mmoja akaweza kuishika.

"Izungushe kwanza kwenye nguzo," mama alisema.

"Nguzo ya nini? Kengele hii naijua kuliko ninavyokujua wewe."

"Ndiyo maana nasema."

"Dada, rudi kwenye cherehani chako."

Mama hakurudi. Alienda nyuma yake kimyakimya, akaokota mkia wa kamba, akauzungusha kwenye nguzo, akakaa sakafuni na kuukaza mguu kwenye jiwe. Akanitazama, akaweka kidole mdomoni. Kunyamaza naweza.

Vyerehani vyote vilikuwa vimesimama. Kengele ikatokeza kwenye tundu la dari, ikaanza kushuka. Mjomba aliiachia kamba kidogo kidogo, shati limemganda mgongoni. Nyuma yake mama naye aliachia kidogo kidogo. Nikaona gunia limenasa kwenye chuma ukutani. Kengele ikashuka, gunia likabaki. Nilifungua mdomo, lakini ulimi ulikuwa umeshagonga.

Ngo.

Mikono ya mjomba ikafunguka.

Kengele iliporomoka. Watu walirudi nyuma wakikanyagana. Kamba ikakaza, ikamburuta mama mpaka goti lake likagonga nguzo, ikasimama. Kengele ikaning'inia usawa wa kichwa cha mtu, ikitetema.

Mjomba alikuwa anaangalia viganja vyake. "Niliisikia," alisema.

"Wote tuliisikia," mama alijibu kutoka sakafuni. "Shika kamba, mikono inanikatika."

"Ashike mtu mwingine," Bosi alisema.

"Nani? Wewe?"

Fundi mmoja akacheka, akajizuia. Bosi alivua viatu, akaja akaushika ule mkia wa kamba pale kwenye nguzo. Mama akanyanyuka akichechemea. Alimjaza kaka yake vipande vya kitambaa masikioni, akavua mtandio wake, akamfunga kichwa chote kama mtu anayeumwa jino.

"Unanisikia, kaka?"

"Eh?"

"Vizuri."

Akamrudishia kamba mikononi, akasimama mbele yake, akawa anashusha kiganja taratibu, na mjomba akawa anafuata kiganja hicho kwa macho. Chini tulikuwa tumeshapanga magunia. Kengele ilipokaribia ikayumba, ikagonga tena, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Sote tulitazama mikono ya mjomba. Vidole havikucheza. Alikuwa anamtazama dada yake tu.

Ikatua juu ya magunia. Mwashi mmoja akaizunguka akipapasa, akatikisa kichwa kwamba haina ufa.

Mjomba bado alikuwa ameing'ang'ania kamba. "Imefika?" aliuliza kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia. "Jamani, imefika?"

Mama akaanza kumfungua vidole, kimoja kimoja. Bosi aliiachia kamba, akavaa viatu vyake, akaenda hadi mlangoni kwa mjomba. Akabeba jora la kwanza begani, akasimama nalo, akitafuta pengine pa kuliweka.